Kaburi la Kuazima

Wifi yangu Tulinagwe alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti, na kwetu Unyiha, miaka ile, mke wa mtu akicheka kwa sauti alisemwa mpaka kisimani. Mimi Marita nilikuwa wa kwanza kumsema. Kaka yangu Nathanaeli alimtoa Mbebe, ng'ambo ya milima, akamleta kwetu Hasamba mwaka 1935, na wiki haikuisha nikamwambia mama kwamba kaka katuletea ngoma, hakutuletea mke. Nayasema haya mapema msije mkadhani nilikuwa mwema kuliko wengine. Nimezeeka sasa, nikijisafisha nitapata nini?

Kazi lakini aliiweza. Tukiingia shambani pamoja, mimi nikiwa bado nahangaika na tuta la pili, yeye alikuwa kule mwisho ananyoosha mgongo na kuimba. Miche ya kwanza ya kahawa pale nyumbani aliipanda yeye, na mche ukifa alinuna siku mbili.

Mwanzoni mwa 1937 Nathanaeli alivuka Tunduma kwa miguu pamoja na vijana wenzake, kwenda kwenye migodi ya shaba Rodesia ya Kaskazini. Ndivyo vijana walivyofanya wakati ule. Tulinagwe alibaki na mimba, na mwezi wa sita akajifungua msichana, akaitwa Elina. Baba yake hakumwona. Januari 1940 mwenzake mmoja alirudi, akakaa kwenye kigoda nyumbani kwa mama na blanketi la kaka mapajani, akatuambia kwamba Nathanaeli amekufa kwa ugonjwa wa mapafu na amezikwa huko huko. Mama akauliza kaburi liko wapi. Yule kijana akasema ni mstari mrefu wa makaburi ya watu wa mgodini, na hakumbuki la Nathanaeli ni la ngapi. Nilitamani kumzaba kofi. Unamzikaje rafiki yako bila hata kuhesabu?

Wazee wa ukoo walipotaka Tulinagwe arithiwe na mdogo wa marehemu, alikataa. "Nina mtoto na nina jembe," alisema, na habari ikaishia hapo. Walipomwambia basi arudi kwao Mbebe, akakataa vilevile. Siku ile nilianza kumpenda, ingawa sikumwambia.

Sasa nieleze mambo ya Pasaka, maana hapo ndipo tulipokosea. Sisi Wamoravian Pasaka hatuianzii kanisani, tunaianzia makaburini. Jumamosi Kuu kila familia hutoka na majembe na mifagio, hung'oa majani kwenye makaburi ya watu wake, hufagia, hupaka mawe udongo mweupe, huweka maua ya mwituni. Jumapili kabla ya jua waimbaji huzunguka nyumba kwa nyumba kuamsha watu, kisha wote huenda makaburini kwa nguo safi, na kila familia husimama kwenye kaburi lake na kulisubiri jua. Likichomoza tu, mzee wa kanisa hutangaza kwamba Bwana amefufuka, nasi huitikia kwamba amefufuka kweli kweli. Hapo watu hukumbatiana, huimba, watoto huruka ruka katikati ya mawe. Wapita njia wasiotufahamu wamewahi kutuona wakadhani tumerukwa na akili. Lakini hiyo ndiyo furaha yetu, kuwapa wafu wetu habari kabla ya wengine wote. Baada ya hapo ni kuku, togwa, mahindi mabichi ya kuchemsha, na gauni jipya kwa aliyejaliwa.

Ila asiye na kaburi hana pa kusimama. Baba yetu alikufa kabla injili haijatufikia, akazikwa shambani kwa desturi ya zamani, na mama naye hakukubali kubatizwa, akaja kuzikwa pembeni yake. Mimi nilisimama na watu wa mume wangu. Pasaka ya 1940 nilimwona Tulinagwe pale kwenye mwanya wa ua wa minyaa, na Elina mgongoni, hayumo ndani wala hayuko nje. Jua lilipotoka aliitikia pamoja na sisi. Nilimwona vizuri sana na sikumwita. Mpaka leo sijui nilimwonea haya nani.

Mwaka uliofuata, Jumamosi Kuu, alimwendea Mzee Yonasi, mzee wetu wa kanisa na mtunza makaburi, akamwuliza lile kaburi la pembeni lisilofagiwa ni la nani. Lilikuwa la msafiri. Mwaka 1931 mtu mmoja alipita kwetu akitoka kwenye dhahabu ya Chunya, anarudi kwao upande wa Rodesia, homa ikamwangusha njiani. Wenzake wakamwacha kwa mwinjilisti, na siku ya nne akafa. Katika kitabu cha kanisa aliandikwa Timotheo, basi. Ubao wa jina ulishaliwa na mchwa zamani.

"Halina mwenyewe," alisema Mzee Yonasi.

"Basi naliazima."

Mzee akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akampa ruhusa.

Nawaambia kaburi lile lilitunzwa! Alibeba udongo mweupe kutoka mtoni kwa kapu, akalizungushia mawe aliyoyachagua moja moja, na Jumapili asubuhi akasimama pale na mtoto wake, kichwa juu, kama watu wengine wenye watu wao. Hapo hapakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuja mwaka 1943, Elina akiwa na miaka mitano na maneno mengi mdomoni.

Tulikuwa tumeshaitikia, watu wanapeana mikono. Elina akamvuta mama yake nguo. "Mama, wenzangu wana bibi zao hapa na babu zao. Hapa kwetu amelala nani?"

Tulinagwe alikuwa anamsalimia mtu. Akageuka, akamtazama mtoto, akasema, "Baba yako."

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilimwona yeye mwenyewe anavyoshtuka, kama mtu aliyeona kikombe kinamponyoka. Angeweza kusema, "Hapana, mwanangu, nimekosea." Lakini Elina alikuwa ameshapiga magoti kwenye udongo mweupe, gauni na yote, anasema, "Shikamoo, baba." Sasa nani angelimnyanyua? Mimi niligeuka nikajidai namtafuta mume wangu.

Ikawa ndiyo hivyo. Kila Pasaka Elina alimpa baba yake habari. Alimwambia ameanza shule, alimwambia mbuzi amezaa, alimsomea Zaburi siku alipojua kusoma. Na kijiji kizima kikanyamaza. Hatukukaa kikao wala hatukupanga. Kila aliyejua alimwonea mtoto huruma, akadhani wengine wanajua zaidi, akafunga mdomo, na watoto wetu waliposikia jambo tuliwafinya. Mzee Yonasi mwenyewe, mwenye kitabu, akipita pale alivua kofia akaitazama hiyo. Tulikuwa wema mno, na wema ule ndio uliotuponza.

Sasa tufike Jumamosi Kuu ya mwaka 1950. Elina anakaribia miaka kumi na mitatu, mrefu kama mama yake. Alishamaliza kufagia kaburi tangu asubuhi, akashuka mtoni kufua gauni la sikukuu. Mimi niko uani namnyonyoa kuku, namwona Mzee Yonasi anakuja, hatembei kizee bali anakimbia kizee.

"Marita, nina wageni," alisema. "Mama mmoja mzee, anaitwa Lusungu, na mwanawe Yonathani. Wametoka Rodesia. Wamepanda lori pale Tunduma, likawashusha njia panda, wamemalizia kwa miguu. Wanalitafuta kaburi la Timotheo."

Manyoya yakaniganda mikononi. Mmoja wa wale wenzake wa Chunya, kumbe, alipokuwa anakaribia kufa ndipo alipoitaja Hasamba. Miaka yote ile aliwadanganya nyumbani kwamba Timotheo amebaki kutafuta dhahabu. Mama yake alikuwa amemsubiri miaka kumi na tisa.

Tulikwenda jikoni kwa Tulinagwe, sisi watatu tu. Mzee Yonasi alipomaliza kueleza, niliyesema wa kwanza ni mimi. Nakiri.

"Kuna lile kaburi jingine lisilo na jina, kule kwenye kona ya minyaa," nilisema. "Tunaweza kulifagia sasa hivi, jioni haijaingia. Mwonyesheni hilo. Mama wa watu atalia, ataridhika, keshokutwa ataondoka. Elina atabaki na baba yake. Nani atajua?"

Mzee Yonasi alikuwa anatazama mafiga, na naapa alikuwa ameshaliwaza jambo hilo njiani.

Tulinagwe alikuwa anakoroga togwa.

"Huyo bibi amekula nini?" akauliza.

"Bado hajala. Anasema atakula akishamwona mwanawe."

"Ndaga, wifi," aliniambia, maana kwao Mbebe ndivyo wanavyoshukuru. "Najua unatupenda. Lakini mimi nimempa mwanangu baba asiye wake. Sasa tena nimpe na huyu mama mtoto asiye wake? Nikifanya hivyo kesho nitaitikia nini pale jua likitoka?" Akaweka mwiko chini. "Mzee, mpeleke bibi kwa mwanawe. Elina ataambiwa leo. Na wewe Marita usiondoke, sina nguvu ya kusema peke yangu."

Elina akarudi, gauni mbichi begani, anaimba. Mama yake akamkalisha kwenye mkeka. Alimwambia yote, bila kujitetea: mgodi, mapafu, mstari wa makaburi ambao hakuna ajuaye lake ni la ngapi, msafiri wa Chunya, na lile neno lililomtoka. Alisema, "Nilikosea, nikaogopa, mwaka ukapita, nikaogopa zaidi." Alilia akisema, lakini aliyasema mpaka mwisho. Nimewasikia wahubiri wengi, sijamsikia aliyeungama vile.

Elina aliuliza jambo moja tu. "Nani mwingine anajua?"

"Wote," mama yake akajibu.

"Wote?" Akageuka kwangu. "Hata shangazi?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Akainuka, akaanika gauni lake kwenye kamba, akalinyoosha mikono vizuri, akaenda kukaa kwenye shamba la kahawa. Chakula alikataa. Nilipomfuata alisema kwa adabu kabisa, "Nakuomba uniache, shangazi," na ile adabu iliniuma kuliko kama angenitukana.

Alfajiri waimbaji walipita wakiimba na tukatoka. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka magotini. Elina hakutoka. Tulinagwe alimwita mara moja tu mlangoni, hakujibiwa, akaja peke yake. Makaburini kila mtu alikwenda kwa watu wake, na pale pembeni, kwenye kaburi jeupe kuliko yote, alikuwa ameketi chini bibi mdogo wa umbo, kanga mbili mabegani, viganja vyote viwili juu ya udongo. Mwanawe Yonathani, mtu mzima mwenye koti kubwa, alisimama nyuma yake. Alimsalimia kila aliyepita kwa Kibemba chake cha mpakani, "Mwapoleni mukwai," nasi tuliitikia kwa Kiswahili, macho chini. Aibu ilitujaa kijiji kizima.

Tulinagwe alikwenda kusimama kwenye mwanya wa ua wa minyaa. Miaka kumi ilikuwa imepita na mahali pake palikuwa pale pale. Safari hii niliwaacha watu wa mume wangu, nikapita katikati ya mawe mbele ya watu wote, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi sana. Tulikuwa tunatazama njia ya kutoka nyumbani.

Jua likatoka. Mzee Yonasi akatangaza, tukaitikia. Watu walikumbatiana lakini kwa kujibana, kila mmoja jicho moja kwa yule bibi. Bibi Lusungu akainua uso. Alizungumza Kiswahili cha kuungaunga, polepole, na makaburi yote yalimsikia.

"Nimekuja nikijua nitakuta kichaka," alisema. "Njia nzima nilimwambia Yonathani, tubebe panga. Mwanangu hana ndugu huku. Nani amemfagilia? Nani amemwekea maua? Nataka kumshika mikono."

Watu zaidi ya mia moja, na wote tulikuwa mabubu. Tulinagwe alitaka kwenda, nikamsikia anavuta pumzi, lakini kabla hajanyanyua mguu watu wa mbele yetu walipisha. Elina alikuwa amekuja. Gauni lilikuwa halijakauka vizuri, limemganda miguuni, na macho yalikuwa mekundu. Alitupita mimi na mama yake bila kutuangalia, akaenda moja kwa moja kwenye kaburi, akapiga magoti upande wa pili.

"Ni mimi, bibi," alisema. "Ni mimi na mama yangu, yule pale."

Bibi akaishika mikono yake, akaigeuza geuza, akatazama viganja na kucha zenye udongo mweupe. "Wewe mtoto ni nani wake?"

Nilidhani Elina atakimbia. Kisha akasema, "Nilikuwa mwanawe."

Bibi Lusungu hakuelewa. Yonathani akainama, na Mzee Yonasi naye akasogea, wakamweleza kwa Kinamwanga, lugha ya kwao bibi, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Ilichukua muda. Sisi wote tulisimama tunamtazama yule bibi usoni, maana alikuwa na haki ya kukasirika. Mtu ameazima kaburi la mwanawe, ameazima na jina la baba. Mimi ningekasirika.

Yeye akauliza, "Alikuwa anamwita baba?"

"Kila Pasaka," Mzee Yonasi akajibu. "Alimwamkia. Alimsomea Zaburi."

"Timotheo wangu alikufa hana mtoto," bibi alisema. Alivuta mikono ya Elina mpaka msichana akawa amelala kifuani pake, juu ya kaburi lenyewe. "Nililia kwamba hakuna atakayemwita baba. Miaka kumi na tisa nalia jambo hilo. Kumbe ameitwa!" Na akaanza kupiga vigelegele, bibi yule mdogo mwenye meno machache. Vigelegele vile vilitufungua vinywa. Wanawake walipokea, waimbaji wakaanza upya wimbo waliokuwa wameumaliza, na nikaona wanaume wazima wakifuta machozi kwa kofia. Tulinagwe alikwenda mbio, akajitupa pale chini karibu nao. Elina hakumkumbatia, lakini alisogea akampa nafasi.

Tulikula wote nyumbani kwa Tulinagwe, maana Bibi Lusungu alisema sasa ndipo atakapokula akashiba, na hataki kula kwingine. Watu waliingia na masufuria yao. Yule kuku wangu niliyemnyonyoa jana yake aliliwa na Yonathani karibu mzima, na mahindi tulichemsha mpaka kuni zikaisha. Kila aliyeingia alimwendea Elina na kumwambia neno moja la kuomba radhi, wengine kwa kigugumizi, wengine kwa kumpa kipande kikubwa cha nyama. Aliwapokea wote. Elina alikuwa bado hajamsemesha mama yake, lakini alimpelekea togwa ya kwanza, na Tulinagwe alikunywa huku ameshika kibuyu kwa mikono miwili.

Mchana Elina akaja kukaa mkekani kwangu. Nilijiandaa. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri ya kuomba msamaha, na mpaka leo nayakumbuka, kwa sababu hayakutumika.

"Shangazi," alisema, "baba yangu alikuwa mtu wa namna gani?"

Ndipo nilipojua tulichomfanyia. Nathanaeli kaka yangu, tumelala naye mkeka mmoja utotoni, na miaka kumi sikuwahi kumtaja mbele ya mtoto wake hata mara moja. Niliogopa nikimtaja nitaulizwa alikufaje na wapi, na uongo wetu utatoboka. Tulimlindia kaburi, na tulipokuwa tunalilinda tukamnyima baba.

"Sikuwahi kuuliza," Elina aliendelea. "Nilidhani namjua, kwa vile nilikuwa naongea naye."

Tulinagwe alikuwa amesogea mlangoni, anasikiliza. Nilitafuta jambo zito la kuanzia, jambo la kumpa mtoto heshima ya baba yake, na lililokuja likaja lenyewe.

"Alikuwa anaogopa bata," nilisema. "Mwanamume yule, misuli kama hivi. Akikutana na bata njiani anapitia shambani."

Elina alinitazama aone kama namtania. Alipoona sitanii, mdomo wake ukaanza kucheza pembeni.

"Na alikuwa hajui kuimba," mama yake akasema pale mlangoni, "lakini anaimba."

"Ehe," nikasema. "Mwinjilisti alimwomba awe mshika mlango, ili tu awe mbali na waimbaji." Nikamwambia na alivyoanguka mtoni na gunia la mahindi. Nikamwambia na alivyotembea siku mbili kwenda Mbebe kumposa mama yake, alipofika akasahau maneno yote, akaomba maji ya kunywa, akayanywa na kurudi zake. Bibi Lusungu naye akawa anatafsiriwa, anagonga mapaja. Nilimaliza nilichokuwa nacho, nikapumzika kidogo, na Elina akanivuta mkono.

"Na kingine?" akasema.